Gari Kuukuu na Mikono ya Mwenyewe

Mazungumzo kwa wenye Land Rover za zamani katika Busia na Malaba

Mtu asimamaye kando ya njia kuu pale Malaba huona magari ya kila namna. Malori marefu yatokayo Mombasa husimama kwa foleni, moja nyuma ya jingine, yakingoja zamu ya kuvuka kwenda Uganda, na mengine kuendelea mpaka Rwanda na Kongo. Kati yao hupenya bodaboda, na mara moja moja hutokea gari fupi lenye umbo la sanduku. Rangi yake imechujuka, mlango wake haufungi mpaka ugongwe, nalo lina kelele kuliko lori. Hiyo ni Land Rover ya zamani. Vijana hulicheka gari hilo. Lakini masika yakishika, na njia ndogo za kwenda Amukura, Funyula au Port Victoria zikigeuka kuwa tope, wale waliocheka ndio waendao kumwomba mwenyewe awachukulie mgonjwa, mbolea au magunia ya mahindi.

Mazungumzo haya yahusu gari hilo, na swali lake ni moja. Je, mwenye gari kuukuu, ambaye si fundi wa cheti, aweza kulitunza kwa mikono yake mwenyewe? Jibu ni ndiyo, akishika mambo mawili. Kwanza, afanye kazi ndogo kwa siku zake, wala asingoje gari liharibike. Pili, aijue kazi ambayo kosa lake laweza kuua mtu, na hiyo asiifanye kwa kubahatisha.

Asili ya gari lenyewe

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, nchini Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu, na chuma cha pua kilikuwa haba katika Uingereza. Kwa hiyo watengenezaji walifanya bodi kwa madini mepesi ya alumini, na chuma wakakitumia kwa chesisi, yaani ule uti wa mgongo unaobeba kila kitu. Aina ya kwanza iliendelea mpaka mwaka 1958, ya pili ikafuata, na ya tatu ikatengenezwa tangu 1971 hata 1985. Katika Afrika ya Mashariki gari hili lilitumiwa na maofisa wa wilaya, polisi, mabwana shamba, matabibu wa mifugo na wamisheni, na katika miaka ya 1970 yalianza kuunganishwa Thika, hapa hapa Kenya.

Hata lile la mwisho la aina ya tatu, basi, limekwisha kutimiza miaka 40. Mengi ya rika lake yamekwisha kuwa vyuma chakavu. Haya yaliyobaki hayakubaki kwa bahati. Yalibaki kwa sababu yaliundwa ili yafunguliwe. Karibu kila sehemu imeshikwa kwa bolti na nati, hakuna kompyuta ndani yake, na mtu mwenye spana chache na subira aweza kuiondoa sehemu iliyochoka na kuweka nyingine.

Dunia iliona jambo hilo mapema. Mnamo Septemba 1955 vijana sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London na Land Rover mbili, wakafika Singapore mwezi wa Machi 1956, wakipita majangwa, milima na misitu. Walikagua, walitia grisi, walikaza na kurekebisha wao wenyewe, siku baada ya siku. Ndiyo siri yote. Tena siri hiyo yafaa Busia kama ilivyofaa huko.

Daftari na zana

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chombo cha kwanza cha mwenye gari si spana, bali ni daftari la shule na kalamu. Humo aandike tarehe, kilomita zilizosomwa kwenye saa ya gari, na kazi iliyofanywa: oili imebadilishwa, grisi imetiwa, maji ya rejeta yamepungua kiasi gani. Mtu asiyeandika hukumbuka kwamba alibadilisha oili "juzi juzi," kumbe ni mwaka uliopita. Mwenye daftari huona jambo ambalo jicho halioni. Mathalani, akiona kwamba kila juma ameongeza maji kikombe kimoja, na juma hili vikombe vitatu, ajua ya kuwa ufa umeanza mahali fulani kabla injini haijachemka.

Zana zenyewe si nyingi: spana za ukubwa mbalimbali, bisibisi mbili, koleo, nyundo, jeki imara, bomba la grisi, kipimio cha bamba nyembamba cha kupimia nafasi, na taa. Lakini hapa pana mtego uliowaharibia wengi. Nati na bolti nyingi za Land Rover za zamani zilipimwa kwa inchi, si kwa milimita. Spana nyingi ziuzwazo madukani leo ni za milimita. Mtu akilazimisha spana isiyolingana, huila kona za nati mpaka ikawa duara, kisha nati isiyo na kona humpa kazi ya siku nzima kwa patasi. Afadhali kununua spana chache za inchi zilizo nzuri kuliko sanduku zima la spana zisizofaa.

Mambo ya kila asubuhi

Ukaguzi wa asubuhi hauchukui zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Kabla ya kuwasha injini, mwenye gari na ainame kwanza atazame ardhi lilipolala gari. Land Rover ya zamani hudondosha oili kidogo, na jambo hilo ni la kawaida. Lakini aijue alama ya jana ili aitambue ya leo. Tone jeusi chini ya injini ni oili. Maji yenye rangi chini ya rejeta ni maji ya kupozea. Unyevu ulio upande wa ndani wa gurudumu waweza kuwa mafuta ya breki, na hapo gari lisitoke mpaka sababu ijulikane.

Kisha achomoe ufito wa kupimia oili, aufute, aurudishe, auchomoe tena na kusoma. Atazame maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta ya moto kisifunguliwe kamwe, maana maji yaruka kwa nguvu ya mvuke na kuunguza uso. Abonyeze mkanda wa feni kwa kidole. Ukilegea zaidi ya kiasi cha sentimita 1, ukazwe. Atazame kikopo cha mafuta ya breki. Mwisho azunguke gari na kupiga macho tairi na nati za magurudumu. Gurudumu lililotolewa na kurudishwa jana sharti nati zake zikazwe tena leo baada ya kwenda kilomita chache.

Vumbi, oili na petroli

Wakati wa kiangazi adui wa injini katika nchi hii ni vumbi jekundu la murram. Vumbi ni mchanga uliosagika. Likiingia ndani ya silinda hukwaruza kama msasa, na baada ya muda gari hutoa moshi wa samawati na kula oili. Magari mengi ya aina hii yana kisafisha hewa chenye bakuli la oili. Hewa hupita juu ya oili, vumbi likanaswa na kuzama chini. Ni kitu cha akili sana, lakini bakuli likijaa matope hakifai kitu. Mtu aendeshaye kila siku nyuma ya malori kwenye njia ya vumbi na alifungue mara kwa mara, alioshe, atie oili safi mpaka kwenye alama. Kazi hiyo haihitaji fundi.

Oili ya injini nayo haidumu milele. Kwa injini ya petroli ya lita 2.25, iliyotumiwa sana katika magari haya, desturi njema ni kubadilisha oili na filta kila kilomita 5,000 hivi, na mapema zaidi palipo na vumbi jingi. Oili imwagwe ingali vuguvugu, maana hutoka pamoja na uchafu. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala karibu na mto Sio au mto Malaba, ambako watu huteka maji na ng'ombe hunywa. Iwekwe katika dumu na kupewa wale wanaoikusanya.

Jambo jingine ni petroli yenyewe. Zamani petroli ilitiwa risasi, na risasi hiyo ilikuwa kama mto laini kati ya vali na makalio yake. Mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikuwa zimeiacha, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa watoto, na nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Aljeria mwaka 2021. Mabadiliko hayo ni mema kwa afya. Lakini katika baadhi ya injini za zamani vali za kutolea moshi huweza kula makalio yake pole pole, na nafasi ya tapeti ikapungua. Kwa hiyo mwenye gari apime nafasi za tapeti kwa ratiba. Katika injini hii ya lita 2.25 nafasi ni milimita 0.25. Tapeti isiyo na nafasi haina kelele, na kimya hicho chadanganya, maana vali inaungua.

Moto wa plagi

Gari likikataa kuwaka asubuhi ya mvua, watu wengi husukuma kwanza na kufikiri baadaye. Afadhali kinyume chake. Injini ya petroli yahitaji vitu vitatu: petroli, hewa na cheche kwa wakati wake. Mwenye gari na atafute kilichokosekana kimoja kimoja, wala asifungue vyote pamoja.

Mara nyingi kosa limo katika kifuniko cha distributa. Unyevu umeingia, au pointi zimeungua. Akaushe kifuniko kwa kitambaa safi, asafishe pointi kwa msasa laini, kisha apime nafasi yake zinapofunguka kabisa; milimita 0.35 hadi 0.40 yatosha. Plagi zipewe nafasi ya kiasi cha milimita 0.75. Waya za plagi zitiwe alama kabla ya kuchomolewa, maana zamu ya kuwaka ya silinda ni 1, 3, 4, 2, ya kwanza ikiwa ni ile iliyo karibu na rejeta. Waya mbili zikibadilishana, injini hupiga mizinga na kutikisika, na mtu hudhani imekufa.

Magari mengine bado yana mkono wa chuma wa kuzungushia injini. Huo ni msaada mkubwa betri inapokwisha, lakini umevunja vifundo vya wengi. Kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mkono. Na avute kwenda juu, asisukume kwenda chini. Injini ikirudi nyuma kwa ghafula, mkono utafunguka wenyewe bila kuvunja mtu.

Maji na matope

Watu wa Bunyala wajua jinsi mto Nzoia unavyofurika na kufunika njia. Gari hili laweza kupita maji ya kadiri, lakini maji yana deni lake, na hulipwa baadaye. Chini ya nyumba ya klachi pana tundu dogo la kudondoshea oili. Kabla ya kuingia maji mengi, tundu hilo huzibwa kwa kizibo chake. Baada ya kutoka, kizibo kiondolewe, la sivyo oili itajikusanya ndani na kufika kwenye klachi. Aliyetoka majini na akanyage breki kidogo kidogo huku gari likienda pole pole, ili zikauke, kabla hajafika palipo na watu. Maji yaendayo kwa kasi na yenye kina kisichojulikana yasijaribiwe kabisa, hata kama abiria wanasihi vipi.

Siku ifuatayo afungue vizibo vya difu na giaboksi atazame oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, nayo sharti imwagwe yote na kutiwa nyingine. Oili iliyochanganyika na maji haitelezeshi meno, huyala. Kadhalika atazame yale matufe makubwa ya chuma yaliyo nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakipata kutu yenye mashimo, kutu hiyo hukata sili, oili huvuja nje na matope huingia ndani. Baada ya kila safari ya tope zito, atie grisi katika viungo vya propela mpaka grisi chafu itoke na safi ionekane.

Na neno juu ya gia za magurudumu manne. Magari haya ya zamani hayana difu katikati, kati ya mbele na nyuma. Penye tope haidhuru, kwa kuwa magurudumu hupata nafasi ya kuteleza. Lakini kwenye lami kavu, kila pindo la njia hulazimisha magurudumu ya mbele kwenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na nguvu hiyo hujipinda ndani ya shafti mpaka kitu kikatike. Kwa hiyo, mtu atokaye tope la Nambale akipanda lami ya Busia na aiondoe gia hiyo mara moja.

Breki: jambo lisilosamehe

Wasikilizaji, yote yaliyokwisha kusemwa, mtu akiyakosa, hupoteza fedha na siku zake. Hili lifuatalo hupoteza watu.

Chukueni mfano wa wenye magari wawili. Wa kwanza aona asubuhi kwamba mafuta ya breki yamepungua. Aongeza kidogo, aenda zake. Kesho yake aongeza tena. Hufanya hivyo kwa juma zima, naye ajisifu kwamba analitunza gari. Siku ya soko apakia watu na mizigo, ashuka mteremko wa vilima vya Samia, akanyaga pedeli, nayo yaenda mpaka chini bila kushika chochote. Wa pili aona upungufu ule ule asubuhi ya kwanza. Hatoki. Azunguka magurudumu manne, afuata kila bomba kwa taa na kitambaa, akuta unyevu nyuma ya gurudumu moja. Silinda ndogo ya gurudumu hilo imechoka mpira. Asiye na subira amwita mvivu. Lakini jioni abiria wake wote wako nyumbani kwao.

Sababu yake ni hii. Katika Land Rover nyingi za zamani breki za magurudumu yote manne hutegemea njia moja tu ya mafuta, itokayo katika masta silinda moja. Magari ya baadaye yana njia mbili. Moja ikipasuka, ya pili husaidia. Haya hayana. Tundu dogo kama la sindano katika gurudumu moja huweza kuziondoa breki za magurudumu yote kwa pamoja. Basi kuongeza mafuta bila kutafuta yanapokwenda si kutunza gari. Ni kuficha ugonjwa.

Mafuta ya breki yawe yale yaliyotengenezwa kwa breki. Wako watu ambao, wakikwama njiani, humimina oili ya injini, mafuta ya taa au hata maji ya sabuni. Oili na mafuta ya taa huvimbisha mipira yote ya breki na kuiharibu, na maji hutia kutu na kuchemka mteremkoni. Hata mafuta halisi ya breki hunywa unyevu wa hewa pole pole, kwa hiyo yafaa kubadilishwa yote kila baada ya miaka miwili hivi, wala chupa iliyokaa wazi isitumiwe. Pedeli ikiwa laini kama sifongo, hewa imeingia, nayo itolewe kwa kazi ya watu wawili, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua nati ya kutolea hewa, gurudumu kwa gurudumu, huku kikopo cha juu kikiangaliwa kisikauke. Vumbi la lainingi za zamani lisipulizwe kwa kinywa, maana laweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa.

Breki ya mkono nayo yataka kueleweka. Katika gari hili haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti itokayo giaboksi kwenda nyuma. Na kwa kuwa katikati ya magurudumu ya nyuma kuna difu, gurudumu moja likiinuliwa kwa jeki laweza kuzunguka upande mmoja, na lile lililobaki chini likazunguka upande wa pili, ijapokuwa breki ya mkono imevutwa kwa nguvu zote. Ndipo gari huteremka kwenye jeki juu ya mtu aliyelala chini yake. Kwa hiyo, kabla ya kuinua gurudumu lo lote, magurudumu mengine yawekewe kabari au mawe makubwa, mbele na nyuma. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Magogo mazito ya mbao yaliyokatwa sawasawa yawekwe chini ya chesisi au ekseli. Magogo hayo hayana bei kubwa, na mtoto wa mwenye gari hatakuwa yatima kwa kuyakosa.

Kutu iliyojificha

Watu husifu bodi ya alumini kwamba haiozi. Ni kweli kwa kadiri kubwa, ingawa palipokutana alumini na chuma, pakiwa na unyevu, alumini huliwa na kuwa unga mweupe. Lakini sifa hiyo imewadanganya wengi, maana chesisi ni chuma, nayo ina uwazi ndani kama mwanzi. Tope likiingia na kukaa, chuma huoza toka ndani kuja nje, huku nje kumepakwa rangi nzuri. Mwenye gari aoshe matope chini ya gari baada ya kila mvua, afungue matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya chesisi, na mara mbili kwa mwaka agonge kwa nyundo ndogo toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito kama ya debe lenye mchanga. Kubandika bamba jembamba juu ya uozo si dawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huzibwa kwa udongo wa sawa. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka penye chuma kizuri, kisha ichomelewe na mtu ajuaye kazi hiyo.

Vipuri vya pande mbili za mpaka

Mtu akaaye Busia au Malaba ana faida ambayo wa mahali pengine hana. Yuko kati ya miji mikuu miwili. Nairobi iko mbali zaidi ya kilomita 400, na huko Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, ina sifa ya vipuri tangu zamani. Kampala iko kiasi cha kilomita 200 kutoka Busia, na huko soko la Kisekka limejulikana kwa vipuri, na mafundi wa Katwe kwa kufua vyuma. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani pa Busia kifunguliwe rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018, msafiri hukaguliwa mahali pamoja na serikali zote mbili. Hata hivyo, kipuri kinunuliwacho ng'ambo kionyeshwe kwa watu wa forodha, na risiti yake itunzwe katika daftari lile lile. Aendaye na gari lake mwenyewe ahakikishe kwamba ana kibali chake na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Kipuri kilichopitishwa kwa njia za panya chaweza kuchukuliwa, na faida yote ikaishia hapo.

Tena asinunue kwa macho tu. Aende na kipuri cha zamani mkononi, akilinganishe na kipya: uzito, urefu, meno ya bolti, idadi ya matundu. Vitu vya bandia hupakwa rangi nzuri na kutiwa katika kisanduku kizuri. Kwa taa au kioo, bandia haimwui mtu. Kwa mipira ya breki, viungo vya usukani na beringi za magurudumu, kilicho rahisi ndicho ghali.

Mpaka wa kazi ya mikono

Mwisho, mwenye gari mwenye busara ajua mahali pa kuacha. Oili, grisi, plagi, pointi, mkanda wa feni, kisafisha hewa na ukaguzi wa kila siku, hizo ni kazi zake. Kufungua giaboksi na difu, kuchomelea chesisi na kurekebisha usukani ni kazi za fundi. Breki aweza kuzitengeneza akiwa amefundishwa, lakini mara ya kwanza na ya pili awe na fundi karibu, na gari lijaribiwe mahali tambarare, bila abiria, kabla halijarudi njiani. Hapana aibu kumwita fundi wa jua kali. Aibu ni kumwita baada ya ajali. Na aliyezoea kulifungua gari lake huongea na fundi kama mtu ajuaye, wala hauziwi kipuri asichokihitaji.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Land Rover yenye umri wa babu yaweza bado kupeleka mgonjwa hospitali usiku wa mvua, ambako magari mapya yameshindwa na tope. Lakini haitafanya hivyo kwa sifa zake za zamani. Itafanya kwa sababu asubuhi ile mwenyewe aliinama akatazama ardhi, akaona tone moja ambalo jana halikuwako, akalifuata mpaka alipojua latoka wapi.